Kujiajiri Palepale Kazini

Jumatatu, 3 Machi

Nimekuwa mjinga miaka yote hii! Aliyenifumbua macho ni Bomba, kaka wa mke wangu, fundi wa mabomba aliyejiajiri. Alikuja kula kwetu, akapangusa mdomo, akaeleza. Mafuta ya gari, gharama ya kazi. Simu, gharama ya kazi. Mabuti, gharama ya kazi. Vyote anaviondoa kwenye mapato kwanza, kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi. Na mimi je? Mpiga pasi wa kuajiriwa, kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Kodi yangu inakatwa kabla mshahara haujanusa mfuko. Nafuu ninayopata ni ya bima na akiba ya uzeeni, basi! Soli zangu zimekwisha, na serikali haina habari.

Mke wangu, ambaye mimba yake iko mwezi wa mwisho, alisema niache hesabu za watu nimsaidie kuinuka kitini. Nikamsaidia. Akili ilikuwa mbali.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umeiva. Nitajiajiri, ila nibaki palepale! Pasi ileile, meza ileile. Kitakachobadilika ni jina: si mfanyakazi tena, ni mkandarasi wa mashuka.

Nimemwendea meneja wetu, tunayemwita Mama Mvuke. Nikamwambia kuanzia leo naacha ajira, awe ananunua huduma yangu. Akanitazama juu ya miwani. Akauliza mke wangu anajifungua lini. Nikajibu, wakati wowote.

“Haya, baba, nimesikia,” akasema. “Nenda kapige pasi.”

Kirahisi hivyo! Nimepiga pasi siku nzima nikipiga mluzi, kama mwenye kampuni.

Alhamisi, 6 Machi

Bomba anasema hata chumba cha kazi nyumbani ni gharama. Nimehamishia kitanda cha mtoto jikoni, nikaweka meza. Nimenunua kiti cha kuzunguka. Mke wangu akauliza mpiga pasi ana shughuli gani ofisini. Nikamwambia nafikiri. Akasema basi nifikirie nitalala wapi.

Kiti hakilaliki.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikwenda ofisi ya kodi kujiandikisha. Ofisa alikuwa dada mpole mwenye mafua. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha maswali. Pasi ni ya nani? Ya kampuni. Nani anapanga saa ya kuingia? Mama Mvuke. Naweza kumtuma mtu mwingine akapige badala yangu? Nikacheka. Mama Mvuke angenipiga pasi mimi! Na shuka likiungua, hasara ya nani? Ya kampuni, nashukuru Mungu, maana yameungua mengi.

“Basi, kaka, wewe ni mwajiriwa,” akasema. “Kujiita mkandarasi hakubadilishi kitu. Shemeji yako anabeba hasara zake mwenyewe, ndiyo maana anaruhusiwa kuondoa gharama zake.”

Akapenga kamasi. Akaongeza taratibu kwamba kama kweli nimeacha ajira, bima ya afya ya mwajiri nayo huwa imekwisha siku hiyohiyo.

Bima! Ya kujifungulia! Nimerudi nyumbani mdomo mkavu. Mke wangu kaniuliza nina nini. Nikasema jua.

Jumamosi, 8 Machi

Nilipanga kumwangukia Mama Mvuke Jumatatu. Mtoto hakungoja. Baada ya chakula cha mchana mke wangu alinishika mkono, akanikamua vidole, akasema, “Twende.” Bomba akatupeleka mbio, hakutaja mafuta hata mara moja.

Daktari akasema mtoto amekaa vibaya, lazima mama apasuliwe. Dada wa mapokezi akaomba kadi ya bima. Nikampa huku nikitazama sakafu. Mashine ikalia.

“Imekubali,” akasema. “Haya, mwingizeni ndani.”

Nikakaa chini koridoni, nikalia mbele za watu. Kisha nikampigia simu Mama Mvuke.

“Ningekuachishaje kazi na mkeo yuko hali ile?” akafoka. “Nilisema nimesikia. Nilisema nimekubali?”

Akaniambia nikae na familia yangu, likizo ya baba ni haki ya mwajiriwa, na inalipwa.

Msichana! Mzima. Mama yake mzima. Nimeshukuru mpaka nikamshukuru na mfagizi.

Jumatano, 12 Machi

Wote wako nyumbani. Nimekirudisha kitanda chumbani. Nimeapa mbele ya mke wangu: mimi ni mwajiriwa, nafurahi kuwa mwajiriwa, sichezi tena na ajira. Akanibusu kwenye paji la uso. Nani kama mimi?

Mchana nilimbeba mtoto, nikamtazama vizuri. Ana paji pana. Anakoroma kwa heshima. Hapokei amri ya mtu, saa zake anapanga mwenyewe. Huyu hajaajiriwa na yeyote! Sasa, tukifungua kakampuni kadogo kwa jina lake, yeye mkurugenzi, mimi mshauri tu wa jioni, si nepi zote zitapita humo kama gharama ya kazi?

Mama yake amelala. Mkurugenzi naye amelala. Nikitoka sasa hivi, ofisi ya kodi itakuwa haijafungwa.