Kifuniko cha Mawe na Dole Gumba la Fundi Uweso

Ngamiani, Tanga
Ijumaa, Mfungo Tano, 1959

Kwa Bwana Mkubwa wa Vifuniko,
Kiwanda cha Redio,
Huko huko kinakotoka.

Bwana Mkubwa,

Kama umri wako umenizidi, shikamoo. Kama mie ndiye niliyekuzidi, basi nangoja yako, itakuja pamoja na majibu.

Mie naitwa Mwanamkasi binti Jumbe, mjane, nyumba ya pili kutoka kwa Rafaeli muuza mkaa. Kusoma sikusoma, nilikaa chuoni juzuu mbili nikaozwa. Mkono unaoandika hapa ni wa jirani yangu Fanueli, Mbondei wa Muheza, alikuwa karani kwenye shamba la mkonge mpaka akastaafu. Ni mtu mzima na adabu zake, lakini ana ugonjwa wa kufuta. Leo nimemwambia asifute kitu. Neno likitoka kinywani mwangu liende Ulaya kama lilivyo.

Mwanangu Miraji anafanya kazi bandarini Mombasa. Aliponitazama nimekaa peke yangu, baba yake kafa huu mwaka wa sita, akaniletea redio ndogo ya mkono, ukubwa wake kama mkate wa kumimina uliokatwa nusu. Redio yenyewe sina neno nayo. Inasema, inaimba, inasoma Kurani, haiombi chakula. Neno langu ni kile kifuniko cha nyuma kinachofunika mawe. Fanueli anataka kuandika betri. Andika mawe, Fanueli! Ya tochi mawe, ya redio mawe, mtoto mdogo wa Tanga analijua hilo. Yamelala mle manne, na kifuniko chenu kimeyabana kama mkwe mbaya aliyebana mlango. Sasa sikiliza nilivyotendwa.

Kwanza. Tangu redio haijafika kwangu, kifuniko hicho kimeshanitia aibu Horohoro. Gari la abiria lilisimamishwa mpakani, askari akamwuliza Miraji, humo ndani ya hicho kidude mna nini? Miraji, mtoto wa Ngamiani, akajibu kama alivyolelewa: mna mawe. Askari yule alikuwa mtu wa bara, na kwao mawe ni mawe. Kasikia kijana anavusha mawe mpakani. Mawe gani, ya thamani? Fungua! Miraji akavuta, hakikufunguka. Askari akavuta, hakikufunguka. Ikawa sasa huyu kijana ana mawe na hataki kuyaonyesha. Saa mbili, Bwana Mkubwa! Watu wamekaa juani, kuku wanahema midomo wazi kwenye matenga, na mama mmoja wa Kidigo anapiga kelele, "We kijana, toa mawe yako twende, mie nawahi matanga!" Miraji mpaka leo akipita Horohoro wanamwita Bwana Mawe.

Pili. Vidole vyangu. Mie nina miaka sabini, pengine na mitatu. Wiki ile ya kwanza nilikuwa na hina ya harusi ya mjukuu wa dada yangu, kucha zimeiva kama kungumanga. Nikatia ukucha pale kwenye ufa, nikavuta, ukucha ukaenda. Nikatia kisu cha kuparia samaki, kikapinda. Nikatia mpini wa upawa, ukavunjika. Nikaiweka redio chini nikaikalia mbuzi, ile ya kukunia nazi, nikajaribu kwa ule ulimi wake. Hapo kikaruka chenyewe, kikapita juu ya kichwa cha paka, kikatumbukia kwenye mchuzi wa kamba. Tulikitafuta kwa upawa, nao umevunjika mpini. Nilipokirudisha kikaingia kwa kidole kimoja, laini kabisa. Ndiyo maana nasema kina inda. Kufungwa kinataka, kufunguliwa hakitaki.

Tatu. Hili ndilo kubwa kwa watu wa kazi yenu, kwa hiyo weka kalamu unisikilize. Nyie mnadhani mlango wa mawe hufunguliwa mara moja kwa miezi, mawe yamekufa, unatia mapya, basi. Nani kawaambia? Sie hapa mawe huanikwa! Yakichoka tunayatoa, tunayalaza juani kwenye ungo baada ya sala ya Ijumaa, mpaka alasiri, yanapata nguvu, tunayarudisha. Wiki moja yanasema tena. Fanueli anasema huko kwenu jua ni haba, pengine hamjui. Basi leo mmejua. Kifuniko hicho kwangu kinafunguliwa mara nyingi kuliko sanduku langu la nguo.

Na msiniambie haiwezekani. Marehemu mume wangu, Shekhe, alikuwa fundi wa kusuka madema ya kutegea samaki. Dema lina mlango wake mdogo wa kutolea samaki. Ndani mna changu, mna tasi, wanajipigapiga usiku kucha, mlango haufunguki. Lakini mwenye dema akija anachomoa kijiti kimoja kwa kidole, mlango wazi, samaki chwaa kwenye ngalawa. Unaona hapo? Ukaidi wote ni kwa aliye ndani, na utiifu wote ni kwa aliye nje. Nyie mmegeuza. Mawe yenu hayana mbio, hayajipigi, wala hayana mapezi. Mmeyafungia ya nini?

La nne, au la tano? Fanueli anasema nne. Miezi mitatu iliyopita, Jumatatu, tumekaa barazani wanawake kumi na moja tunasikiliza. Mwenye kusema mle ndani akasema: wakazi wa Tanga na vitongoji vyake mnatangaziwa kwamba kuanzia kesho asubuhi ni marufuku. Hapo hapo mawe yakafa. Marufuku nini? Tukavuta kifuniko tubadilishe mawe haraka, wanawake kumi na moja kwa zamu, kama tunavuta jino la ngamia. Hakikufunguka.

Bwana Mkubwa, usimwombee hata adui yako, kukaa mji mzima unajua kuna marufuku na hujui ya nini. Asubuhi muuza kahawa hakutoka, asije akawa ndiye. Rafaeli alificha mkaa wake uvunguni. Mwamvua wa nyumba ya pembeni, aliyekuwa na ugomvi na mumewe, akasema marufuku hiyo ni ya kuwapikia waume, nayo ilifuatwa siku mbili na nyumba saba. Watu walipita Ngamiani baiskeli wamezishika mkono, hawakuzipanda. Siku ya tatu ndiyo tukajua: ni marufuku kufunga punda kwenye nguzo za taa. Na Ngamiani yote punda wawili, mmoja kilema.

La tano sasa. Fanueli kaweka kalamu chini. Ishike, Fanueli, hilo ndilo lililotuketisha hapa.

Baada ya ukucha wangu kwenda, nikatafuta mwenye kidole. Mtaa wa Nguvumali yuko mtu anaitwa Uweso, mzee mwenzangu, mkewe alikufa zamani. Kazi yake kuwamba vitanda vya kamba. Mtu aliyevuta kamba za vitanda miaka arobaini, dole gumba lake limekuwa kama kisigino. Nikampelekea salamu, akaja na baiskeli yake. Akaishika redio, akakunja uso, akakaza shingo, jasho likamtoka, kisha tak! Kimefunguka. Tukayaanika mawe. Na mawe yakianikwa lazima yangojwe, na mtu anayengoja hawezi kuachwa na kiu, nikampa kahawa ya tangawizi na kashata mbili. Alasiri akayarudisha, akaenda zake. Ijumaa ya pili hivyo hivyo. Hii ya leo ni ya kumi na moja, naye yuko hapa barazani, mawe yako kwenye ungo.

Kuna kosa gani hapo? Mlango wazi, baraza wazi, paka shahidi. Lakini nina jirani anaitwa Semeni. Ijumaa ya nne akasimama njiani na ndoo yake, sauti ya kusikika mpaka sokoni: "Bi Mwanamkasi, hicho kitanda chako kina mbao ngapi, mbona hakishi kuwambwa?" Nikamwambia, shoga, hakuja kwa kitanda, kaja kunitolea mawe. Ningenyamaza! Akaweka ndoo chini ili acheke vizuri. "Mawe! Jamani njooni, siku hizi yanaitwa mawe!"

Na kweli, fundi wa vitanda aingie kwa mjane Ijumaa zote hizo, kamba hana, kitanda hakijawambwa, hata mie ningesikia la mtu mwingine ningesogeza kiti. Kitanda changu chenyewe kimelegea, lakini hilo si la kuandikiwa nyie.

Harusi iliyofuata wakanitungia wimbo. Fanueli hataki kuuandika, nimemwambia ni ushahidi:

Fundi kaja na kidole, kamba kaisahau,
Mawe yameanikwa, kitanda kimesahauliwa.

Hata vina hauna! Lakini umevuka Horohoro kabla ya barua. Wiki iliyopita Miraji kaniandikia, na Fanueli huyu huyu kanisomea, macho yake chini. Anasema, Mama, nimeusikia wimbo Mombasa, bandarini, kinywani mwa watu nisiowajua. Anasema nimrudishie redio. Anasema akija mwisho wa mwezi akikuta bado yanasemwa yale, ataichukua mwenyewe. Hivyo Bwana Mkubwa, kifuniko chenu kinaninyang'anya redio, na kinaniharibia jina nililokaa nalo miaka sabini, pengine na mitatu, bila doa, ukitoa yale ya binamu yangu na mbuzi, ambayo yalishasuluhishwa.

Kwa hayo nawaomba mawili.

Moja, mnitengenezee kifuniko cha mlango wa dema. Kijiti kimoja, kidole kimoja, hata kidole cha mwisho cha mwanamke mwenye baridi yabisi. Kifunguke bila jasho la mwanamume.

La pili, na hili ndilo la haraka, mniletee karatasi yenye muhuri, muhuri mkubwa, mwekundu kama mnao. Iandikwe kwamba kiwanda kinakiri kifuniko hiki ni kigumu kweli, na mjane hawezi kukifungua bila dole gumba la mtu wa kuwamba vitanda. Nitaibandika mlangoni, usawa wa macho ya Semeni. Kusoma hajui, lakini muhuri anauogopa. Miraji anajua kusoma, ataisoma.

Wasalimie mafundi wote wa kiwanda, na wake zao. Msalimie aliyetengeneza ule mkono wa kushikia, huyo kafanya kazi, yeye na huyu wa kifuniko hawakulelewa nyumba moja. Na mwenye kusema mle ndani, kama mnakaa jirani, mwambieni Bi Mwanamkasi anamsalimu, na akiwa na marufuku aanze na jambo lenyewe.

Hapa chini natia dole gumba langu kwa wino. Litazameni wenyewe kama ni dole la kufungulia kifuniko.

Ni mie, mwenye haki na kidole kibovu,
Mwanamkasi binti Jumbe.

Nyongeza. Barua imekunjwa, Fanueli kaikunjua tena. Adhana ya alasiri imelia, mawe yameiva, na Fanueli, asiyejua kukaa bila kushika kitu, kaichukua redio, kifuniko kimerudishwa vumbi lisiingie, akavaa miwani. Akasema, mbona hapa kwenye kifuniko pamechorwa mshale? Akaweka kidole akasukuma kwa upande ulikoelekea mshale. Hakuvuta, alisukuma. Kikateleza kama samli. Hata tak hakikusema.

Nikamtazama Fundi Uweso. Yeye alikuwa anatazama makuti ya dari kama mtu anayetafuta mahali panapovuja, na kiangazi hiki. Ijumaa kumi na moja za jasho! Halafu akaniuliza, sauti ya chini, kama kahawa imebaki.

Nimemimina. Nimemwambia Fanueli akifunge kama kilivyokuwa, na akimwambia mtu, yale ya kwake na jogoo la jirani Bertha nami nitayakumbuka. Kaapa kwa Biblia.

Kwa hiyo, Bwana Mkubwa, lile ombi la kwanza liacheni. Kifuniko msikiguse. Ombi la pili liko pale pale, leteni muhuri, na uwahi kabla ya mwisho wa mwezi, Miraji anakuja.

Ila redio nyingine mtakazoleta Tanga, mshale ule ufuteni. Unaharibu kifuniko kizuri. Semeni naye anamwomba mwanawe redio, na yule hakawii kuuona. Mie niliuona Ijumaa ya tatu. Sikusoma, lakini mshale si herufi.