Jinsi Ayoubu Alivyomwangukia Kwale wa Alunguli

Enyi watu wa kingo zote mbili za mto Lualaba, ninyi wa upande wa stesheni na ninyi wa Alunguli, shusheni vyungu, nyamazisheni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana nililonalo halisikilizwi kwa sikio moja. Ni habari ya vita vilivyopiganwa baina ya mwanamume mmoja na ndege mmoja, na mimi Numbi, mstaafu wa reli, nilikuwa shahidi wake tangu mlio wa kwanza hadi tone la mwisho la damu, na suruali yangu ikachafuka. Ee Mungu uliyempa chui makucha na kwale miguu, nipe pumzi nisipunguze neno wala nisizidishe, ila pale habari yenyewe itakapoomba kuzidishwa.

Shujaa wetu ni Ayoubu, mume wa Ramla, mjomba wa Youssouf, Jicho-Lisilosinzia, Mwenye-Mtutu-Mmoja, ambaye tangu ujana wake, kila alipotoka nyumbani alfajiri na bunduki begani, ndege wa mashamba yote waliagana na watoto wao. Bunduki hiyo ni ya marisau, zile punje ndogo za risasi zinazotawanyika, na kitako chake kimeungwa kwa waya. Vita vilipoingia mji wetu wa Kindu aliipaka mawese, akaifunga kwa turubai, akaizika chini ya banda la kuku, na kuku wakailalia miaka yote ile kama yai lisilotaka kuanguliwa. Wakaja askari wakiuliza bunduki, wakaonyeshwa kuku. Wakachukua kuku wakaenda zao. Wakaja wengine wenye kofia nyingine, nao wakala kuku. Bunduki ikabaki.

Kisha mji ukazingirwa. Treni ikalala juu ya reli, majani yakaota kati ya magurudumu, na hakuna aliyethubutu kwenda shambani kwake kung'oa muhogo. Katika siku hizo Ayoubu alitega vitanzi vya kamba katika magugu ya nyuma ya nyumba zetu. Kwale aliyekutwa hai alichinjwa, tukagawana nusu kwa nusu. Kwale aliyekutwa amekufa kitanzini, Ayoubu alimleta mlangoni kwangu kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa Mwislamu hali kilichokufa bila kuchinjwa, na watoto wangu, Wakristo, hawakuwa na shida hiyo. Mwalimu wa msikiti akamwambia kwamba mwenye kufa kwa njaa ameruhusiwa. Akajibu, "Mwalimu, mimi bado sijafa," akakaza mkanda wa suruali. Watoto wangu leo ni watu wazima, nao wana watoto.

Basi mtu huyo, aliyepita katika moto wote ule bila mkwaruzo, mwaka jana aliangushwa na mbuzi. Tena si beberu mwenye pembe za kuogopesha, bali mbuzi jike wa Ramla, aliyezungusha kamba yake kwenye miguu ya shujaa akitafuta ganda la ndizi. Mfupa wa paja ukavunjika. Hospitalini wakamtia chuma ndani, wakamlaza miezi, wakamrudisha na mkongojo.

Sasa sikilizeni kiini cha msiba. Ayoubu aliporudi porini jicho lilikuwa lile lile na mkono haukutetemeka, lakini mwindaji wa Kiislamu wa kwetu, baada ya kusema Bismillahi na kufyatua, hukimbia na kisu ili amwahi ndege angali hai. Baba yake Ayoubu alikimbia, na babu yake alikimbia. Yeye sasa alikuwa akichechemea, na kila alipofika alikuta kwale ameshakata roho. Mwalimu akamwambia tena kwamba Bismillahi ya kwenye bunduki yamtosha asiyewahi kufika. Ayoubu akasema, "Yakutosha wewe, Mwalimu. Haikumtosha baba yangu."

Hivyo kila kwale wa Ayoubu akawa wangu. Mke wangu Tshibola akazoea. Akisikia mlio wa bunduki ng'ambo ya mto, anasimama uani: "Papa Numbi, mugonjwa wetu amepiga. Niweke maji kwa moto?" Nami nilihuzunika sana kwa ajili ya rafiki yangu, na nikanenepa.

Ndipo Ramla alipoita baraza. Youssouf, mtoto wa dada yake Ayoubu, alikuja kutoka Kalima na mfuko mrefu wa turubai, akauweka magotini kama mtu aliyekwisha kujua hukumu.

"Mjomba," akasema, "bunduki inataka miguu. Unipe mimi, niende nayo."

Ayoubu akasimama juu ya mkongojo wake, akapanua kifua. "Ewe mwana wa dada yangu! Bunduki hii imelala chini ya kuku isije ikaangukia mikononi mwa wasiostahili, nawe waja na mfuko kuifunika kama maiti? Siku nitakapoitoa, nitakuwa nimekwisha kuwa mtu wa kukaa kitini na kuulizwa kama nimekunywa dawa!"

"Umekunywa?" Ramla akauliza.

Hakuwa amekunywa. Akapewa, akanywa, akabaki amesimama.

"Muzee, sikia," Ramla akasema. "Bunduki yako inanonesha bibi ya Numbi, mimi nakula sombe, majani ya muhogo tu. Na siku utaanguka kule, nani atakubeba? Numbi? Numbi mwenyewe iko anapumua kama treni ya kuni. Kesho asubuhi, mara moja tu. Ukileta kwale mwenye kuchinjwa mbele ya adhana ya adhuhuri, bunduki inabakia. Ukikosa, Youssouf aende nayo."

"Na nani atakuwa shahidi?" Youssouf akauliza. "Mjomba anaweza kumukata ndege shingo hata kama amekufa."

"Papa Numbi," Ramla akasema. "Kwale akikufa, anakula yeye. Kwale akichinjwa, tunakula sisi. Hakuna muntu anadanganya juu ya kufunga mudomo yake mwenyewe."

Naam, wanasheria wengi wamesoma miaka mingi wasipate shahidi wa namna hiyo.

Kulipopambazuka tukashuka mtoni. Ayoubu aliingia katika mtumbwi, akasimama mbele, mkongojo mkono mmoja na bunduki mkono mwingine, macho yake yakiitazama ng'ambo kama jemadari autazamaye mji atakaouteketeza.

"Papa," mpiga kasia akasema, "ukae, utatuzamisha."

Jemadari akakaa.

Huko Alunguli mpunga ulikuwa umevunwa, yakabaki mabua na punje zilizoanguka, na kwale walitoka magugani kuja kuokota. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, wakibishana kwa sauti kali kama wauza samaki. Ayoubu alikuwa na risasi mbili tu. Akanyanyua bunduki, kwale mmoja akaruka, Bismillahi ikasemwa, mtutu ukanguruma, na ndege akaanguka kama jiwe. Shujaa akachomoa kisu, akaondoka mbio, yaani mguu mmoja ukakimbia na mwingine ukafuata baada ya kubembelezwa. Mimi nilifika kwanza.

"Yuko hai?" akauliza, akihema.

"Ayoubu, amekufa vizuri sana."

Akasimama juu ya adui yake, akarudisha kisu alani. Nikamtia kwale mfukoni mwangu. Moyo wangu ukafurahi, kisha ukaona haya, kisha ukafurahi tena kidogo, maana alikuwa mnene.

Tukakaa juu ya kisiki. Jua lilikuwa limepanda. Ayoubu alikuwa akiigeuza risasi ya mwisho mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane nilimwona mtu mzee. "Numbi," akasema, bila hotuba yoyote, "nikiitoa hii, sitatoka tena nyumbani alfajiri. Nitakwenda wapi?"

Nikafikiri kuhusu kwale wote wale niliowala, na jinsi kila mmoja nilivyomkuta amepigwa pale pale, kifuani, bila huruma wala kosa, na ghafla nikaona jambo ambalo tumbo langu lilikuwa likinificha.

"Kosa yako njo hii," nikamwambia. "Unapiga vizuri mno. Hawangojei. Piga vibaya."

Akainuka kama aliyechomwa. "Mimi? Nipige vibaya? Mkono huu uliomdondosha njiwa juu ya paa la stesheni bila kuvunja kigae! Wataka nimwambie baba yangu huko aliko kwamba nilikosea kwa hiari yangu?"

"Mupige bawa tu. Piga kama Youssouf."

Hata kwale walinyamaza. Ayoubu akaikaza risasi kiganjani.

"Tangu nizaliwe," akasema, "sijatukanwa tusi kubwa namna hiyo." Akaweka risasi katika mtutu. "Nawe umesema kweli."

Tukanyemelea. Kwale akaruka kutoka kwenye mabua, dume, mwenye miguu myekundu kama pilipili. Nikaliona jicho lile la shujaa likimpata mara moja, nikauona mtutu ukisimama mahali pake pa siku zote, juu ya kifua. Na kisha, enyi wasikilizaji, nikamwona Ayoubu akiukunja uso kama mtu anayemeza kwinini, akausogeza mtutu pembeni. "Bismillahi, Allahu Akbar!"

Bawa likavunjika. Ndege akaanguka, akabiringika, akasimama, akatutazama wote wawili kwa dharau, akatimua mbio.

Hapo vita vikaanza kweli. Kwale aliyevunjika bawa ni farasi asiye na mpandaji. Alikata kulia, akakata kushoto, akapita chini ya mabua kama treni chini ya daraja. Ayoubu akautupa mkongojo. Akautupa! Akamfuata, kisu juu, kanzu ikipepea, akipaza sauti majina ya Mungu na mengine ambayo sitayataja, na mguu ule wenye chuma ndani ukapiga udongo kwa mdundo ambao sikuwahi kuusikia mahali pengine.

Kisha kwale akageuka, akaja kwangu. Moja kwa moja. Kiatu changu kilikuwa njiani mwake, kiatu kizito cha reli. Kama ningekishusha tu, basi. Angekufa pale pale, halali yangu mimi, na sufuria ya Tshibola ina nafasi ya wawili.

"Usimguse!" Ayoubu akapiga kelele. "Numbi, kwa jina la watoto wako, usimguse!"

Nikainua mguu. Kwale akapita chini yake. Nami nikasimama kwa mguu mmoja kama korongo, na Ayoubu akanipita akifuata. Akafika kwenye mfereji. Mguu wa chuma ukakataa. Akaanguka kifudifudi, mzima mzima, kwa urefu wake wote, katika matope, juu ya kwale.

Sikusikia sauti. Nikafikiri: mfupa umevunjika, na Ramla ataniuliza mimi.

"Ayoubu! Mfupa? Mfupa uko namna gani?"

Kutoka matopeni sauti ikajibu: "Kailo iko upande gani?"

"Nini?"

"Kailo! Sioni kibla, matope yamejaa machoni! Yuko hai, ananing'ata tumbo! Kailo iko wapi?"

Kwa maana sisi wa Kindu, hata Wakristo, tunajua kwamba jirani zetu huswali wakielekea njia ya Kailo. "Kulia!" nikasema. "Kulia zaidi! Pale kwenye ule muhogo mrefu!"

Bila kuinuka, akajigeuza juu ya tope kama mtumbwi unaotafuta bandari, akamtoa chini ya kifua chake ndege aliyekuwa akipiga bawa lake zima, jicho wazi, hai kuliko sisi wawili. Akalitaja jina, akapitisha kisu. Damu nyekundu ikatoka kwa nguvu, ikachora mstari juu ya matope.

"Imetoka?"

"Imetoka, Mukubwa. Mimi njo shahidi."

"Sasa," akasema, "tazama mfupa."

Nikautazama. Nikamshika kwapani, akasimama, akakanyaga mara moja, akakanyaga tena. Mfupa ulikuwa mzima. Kilichovunjika ni kitufe cha kanzu.

Tuliingia uani wakati mwadhini akikohoa kusafisha koo. Ramla akampokea kwale, akamgeuza, akatazama shingo, akatazama damu iliyoganda kwenye manyoya, kisha akamtazama mumewe, aliyekuwa tope tangu ndevu hadi vidole. Akanigeukia mimi.

"Papa Numbi?"

"Mama Ramla, alikuwa hai. Alimung'ata."

"Bunduki irudie chini ya kitanda," Ramla akasema. "Na weye uende kuoga, unanuka mufereji." Lakini alikuwa amempa mgongo haraka, na niliona jinsi alivyojipangusa macho kwa upindo wa kitenge.

Youssouf akaukunja mfuko wake mtupu. Alikuwa kijana mwenye adabu, hakununa. "Mjomba, na mguu ule, uliweza namna gani?"

Ayoubu akanitupia jicho. "Nilipiga kama wewe, mwanangu."

Youssouf akavimba kwa fahari, na hakuna aliyemtoboa.

Mchana tulikaa mkekani, nyumba mbili, sahani moja, kwa kuwa kilichochinjwa na Mwislamu mimi nakila bila swali. Yule mnene wa kwanza Tshibola alimficha kwa ajili ya jioni, hilo ni jambo letu. Kwale mmoja kwa watu watano: kila mtu alipata kipande cha ukubwa wa kidole gumba na mchuzi mwingi. Katikati ya chakula jino la Ayoubu likalia. Akatia vidole mdomoni, akatoa punje ya marisau, akaipangusa, akaiinua juu ya vichwa vyetu kama sultani anayeonyesha lulu.

"Tazameni," akasema. "Maisha yangu yote nilipiga sawasawa, na hakuna aliyeniimba. Punje hii nimeikosesha kwa makusudi."

"Wali unapoa," Ramla akasema.

Basi ninyi mtakaohesabu miaka ya Kindu, msikomee kwenye mwaka ilipofika reli na mwaka mji ulipozingirwa. Andikeni na huu, kwa wino usiofutika, mwaka Ayoubu mume wa Ramla alipopiga vibaya, akaanguka vizuri, na kesho yake alfajiri, kabla jogoo hajawika, akatoka tena nyumbani kwake na bunduki begani.