Fomu ya Kutabiri Tumbo

Wananchi wa visiwa vyote vya Lamu mnatangaziwa kwamba kubahatisha kumekwisha. Kuanzia sasa, mgonjwa anayetaka kutiwa puto tumboni ili apungue atajulikana kama atafanikiwa au la kabla hajafungua mdomo. Kazi hiyo inafanywa na Kamati ya Utabiri wa Matokeo ya Kupunguza Uzito Bila Kisu, ambayo mimi, Jabez, ni katibu wake. Kamati ina watu kumi na mmoja. Puto lilikuwa moja.

Utabiri ulitegemea fomu iliyoletwa kutoka bara, na Mwenyekiti wetu, Bwana Hillary, aliipenda kama mwanawe. Mwongozo aliuandika mwenyewe: puto litakwenda kwa mwenye alama nyingi bila kujali cheo, aliyeshinda haruhusiwi kukataa, na fomu zote zitabandikwa gatini watu wasome.

Wa kwanza alikuwa Bi Umulkheir wa Pate. Aliingia akihema.

"Unatembea dakika ngapi kutoka mlangoni hadi kwenye gari lako?" nikamsomea.

"Gari, Pate? Bwana, mimi nimekuya na maguu yangu hata Mtangawanda, ndipo nikapanda boti."

Fomu haikuwa na nafasi ya maguu. Nikaandika sifuri.

"Kwa mlo mmoja unakula sahani ngapi?"

"Sisi hatuli sahanini. Twala siniani, pamoya, watu watano."

Nafasi ilikuwa ya neno moja. Nikaandika: sinia.

"Na matarajio yako?"

"Nisujudu. Mwaka wa tatu huu naswali kitini, magoti yamekataa. Nataka kuweka uso wangu tini, basi."

Hilo halikuwa na alama. Nakiri liliniuma, lakini katibu haandiki maumivu yake. Alipata alama nne kati ya mia, zote kwa kuandika tarehe sawasawa. Daktari Fairuz, mtia puto mwenyewe, alisema hakuna anayelifaa puto kuliko Bi Umulkheir. Tukamkumbusha kwamba yeye ni daktari tu.

Waombaji wengine nao walikula sinia, hawakuwa na gari, na tarehe waliandika ya Kiislamu. Wote sifuri, isipokuwa mmoja wa Shela aliyepata mbili kwa mwandiko mzuri.

Siku ya uzinduzi wa puto Bwana Hillary aliijaza fomu mbele ya umati, ili waone inavyojazwa. Gari analo, ila liko Mokowe, ng'ambo; akahesabu dakika hamsini, pamoja na boti. Sahani: moja. Tarehe: sawa. Alama tisini na nane!

Watu wakapiga makofi. Daktari Fairuz akavaa glovu.

"Ngoja," akasema Mwenyekiti. "Mimi nilikuwa naonyesha tu."

"Mwongozo hautaji kuonyesha, mheshimiwa," nikamwambia, bila nia mbaya. "Unataja kutokataa."

"Jabez, Jumamosi kuna arusi Shela!"

"Puto litakuwa limeshatulia."

Ilibaki njia moja: ashuke chini ya alama nne. Akaitisha fomu mpya, akaapa kwamba sasa atasema kweli tupu. Umati ukasogea.

"Unatembea dakika ngapi?"

"Sitembei. Hadi gatini napanda punda."

"Sahani ngapi?"

Alijifuta jasho. "Sinia."

"Na watu wangapi?" akauliza Bi Umulkheir kutoka nyuma.

Mwenyekiti akamtazama daktari, akazitazama zile glovu.

"Peke yangu."

Tarehe akaandika ya mwaka juzi, kwa usalama. Alama sifuri. Puto likaenda kwa Bi Umulkheir, na fomu ya Mwenyekiti ikapigwa muhuri, ikabandikwa gatini.

Miezi sita baadaye Bi Umulkheir alikuja ofisini kushukuru. Adhuhuri ikamkuta kwetu. Akatandika mswala, akasujudu, uso hadi chini, akakaa huko muda mrefu. Nilifurahi kupita kiasi kinachoruhusiwa kazini. Utabiri rasmi wa kufanikiwa kwake bado ni asilimia nne.

Wiki hiyohiyo nilialikwa na Bwana Hillary kwenye arusi nyingine. Tuliketi jamvini na wazee watatu, sinia la biriani likawekwa katikati. Wazee wakanawa, wakalitazama sinia, wakamtazama Mwenyekiti, kisha wakasogea nyuma kwa adabu.

"Bismillahi, Bwana Hillary," akasema mmoja. "Hili ni lako. Tumesoma gatini."

Mwenyekiti akanigeukia nimtetee. Nami nikasogea nyuma. Muhuri ule niliupiga mwenyewe.