Dinko Auza Lenzi ya Stražica

Dinko Vuletin alikuwa mkahawani, akinywa kahawa ya bure, aliposikia mafundi wawili wakisema mnara wa Stražica, ule wa kuongozea meli, utawekewa taa ndogo ya umeme, na lenzi ya kale itabaki juu kama pambo. Moyo wake ukajaa hisani. Kitu kizuri namna ile, kikose mwenyewe?

Asubuhi iliyofuata akavaa tai, akapanda mnarani. Mlinzi, mjane aitwaye Jerka, alikuwa akiifuta lenzi kwa kitambaa: pete juu ya pete za kioo, ndefu kuliko mtu.

"Mimi ni mkaguzi, natoka wizarani," Dinko akajitambulisha. "Namleta mtaalamu aitazame."

"Atazame. Asiguse."

Mtaalamu huyo alikuwa Mate Škarica, mwenye hoteli, aliyewahi kununua kengele ya kanisa ili awaite watalii waje kula. Akaizunguka lenzi mara tatu.

"Itakaa juu ya baa," akanong'ona. "Lakini serikali je?"

"Serikali ndiyo mimi, bosi. Ila iwe kimyakimya. Kuna daktari wa Zadar naye anaitaka."

Daktari huyo hakuwahi kuzaliwa, lakini alimtoa Mate jasho.

"Taslimu sina. Chukua boti yangu nyeupe, ile ya injini mbili."

Dinko akajifanya kusita, kwa heshima ya wizara. Kisha wakapeana mikono bila karatasi, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Jumatatu Mate akarudi na wapagazi wanne na kamba. Jerka akamsikiliza mpaka mwisho.

"Umeuziwa? Pole, mwanangu. Hii ina tani mbili, na haipiti mlangoni. Ukiitaka, anza kubomoa ukuta, mimi nikuitie polisi waje wakusaidie."

Mate akashuka na watu wake bila kuaga. Cha ajabu, hakuonekana kuumia sana.

Wakati huo Dinko alikuwa akifunga boti bandarini Split, miwani ya jua usoni. Askari akasoma namba ya ubavuni, akatazama daftari lake, akaisoma tena.

"Boti hii iliibwa Ancona mwezi Mei. Umeipata wapi?"

Dinko akafikiria kusema kweli: kwamba aliibadilisha na lenzi ya serikali, akijifanya wizara. Akapima kifungo cha hili na kifungo cha lile.

"Nimeiba, afande," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukiri kosa, na kosa lenyewe hakulitenda.