Mapanga Matatu ya Marehemu Baba

Jumatatu, 3 Agosti

Siku mbaya. Na ubaya wake sikuuanza mimi, aliuanza Shemeji.

Nilikuwa narudi kutoka kushusha abiria wa mwisho. Shemeji, mume wa dada yangu, akanipita na boti yake mpya yenye turubai na viti vya sponji. Akapunga mkono. Ule mkono! Mtu anayepunga vile anatafuta jambo. Nikakata kona, nikapita juu ya fungu la kokoto, mahali ambapo maji hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu. Boti yangu inaweza, yake haiwezi. Yake ina panga linaloning'inia nje chini ya maji, likigusa kokoto kwisha habari yake. Yangu haina kitu chini. Inavuta maji kwa tumboni, impela iliyo ndani ya pampu inayazungusha na kuyatema kwa nyuma, nasi tunakwenda. Marehemu Baba aliichagua kwa sababu hiyo.

Ila ikivuta maji huvuta na vilivyomo. Leo ilivuta kokoto. Kelele niliyoisikia sitaieleza. Nilifika gatini nikiwa nimepitwa na Shemeji, na mama mmoja mwenye mtumbwi wa mboga, na gogo.

Na Jumapili Mama anasafiri! Tangu tumzike Baba, miaka miwili sasa, hajapanda boti ya mtu yeyote. Wiki iliyopita akasema mwenyewe, bila kuombwa, kwamba anataka kwenda juu ya mto kumwona mdogo wake, na kwamba atakwenda na boti ya baba yenu. Kiangazi hiki ni boti yangu pekee inayofika hadi mlangoni kwa Mama Mdogo. Nyingine zinaishia gati la chini, halafu ni kupanda kilima, na goti la Mama halitaki kusikia habari za vilima. Nimeahidi. Itakuwa tayari.

Jumanne, 4 Agosti

Fundi amekuja. Akafungua pampu, akatoa impela, akaiweka juu ya gunia. Ina mapanga matatu, kama ya feni. La kwanza limeng'ofoka ncha kabisa. La pili limejikunja. La tatu lina mikwaruzo tu, lakini Fundi alilitazama kama daktari anayetazama ndugu wa mgonjwa.

Akasema neno moja: badilisha. Anayo mpya dukani, ipo rafuni, ataifunga mchana mmoja. Mbona tayari hivyo? Nikamuuliza kama haitengenezeki. Akajibu kwamba kila kitu kinatengenezeka, hata kuku anaweza kuogeshwa sabuni, swali ni utapata nini. Nikamwambia aende zake, nitamwita.

Haelewi. Impela hii ni ya Baba. Kila mwisho wa kiangazi aliitoa, akakaa uani juu ya ndoo aliyoipindua, fulana yake nyeupe, kikopo cha grisi pembeni, redio ikikoroma. Akaipiga tupa. Mikupuo arobaini kila panga, ili yalingane. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Nikikosea anaanza upya, bila kunifokea, eti chuma hakina haraka. Nilikuwa na miaka sita na niliamini mto mzima unakwenda kwa sababu mimi najua kuhesabu hadi arobaini.

Na mlio wake! Boti ikikaribia kona ya mto ilitoa mlio mwembamba, kama birika linalotaka kuchemka. Mama akiusikia alisimama na kubandika maji ya chai. Baba akifika, chai iko mezani. Impela mpya itaujulia wapi mlio ule? Hapana. Natengeneza mwenyewe.

Jumatano, 5 Agosti

Mashine ya kuchomelea anayo Shemeji peke yake. Kumwomba mimi? Afadhali niogelee. Nikapitia kwa Dada, nikamwambia ni kwa ajili ya geti la nyumbani, limelegea. Dada akanipa. Shemeji akatuma salamu kwamba atapita kesho kuliona hilo geti. Ana wivu hata wa geti!

Kuchomelea kulikwenda vizuri sana. Panga la kwanza limepata ncha mpya, nene kidogo, yenye vinundu. La pili nimelinyoosha kwa nyundo. Kisha nikataka kujua kama uzito umelingana. Niliwahi kumwona Baba akifanya: unapitisha nondo katikati ya impela, unaiegemeza juu ya visu viwili, upande mzito unashuka wenyewe. Nikachukua visu vya jikoni. Mke wangu akauliza atakatia nini vitunguu. Nikamwambia hii ni sayansi.

Panga la kwanza likashuka. Nikalipiga tupa, arobaini. Likashuka la pili. Arobaini. Likashuka la tatu, ambalo halikuwa na kosa lolote. Arobaini na hilo. Likarudi la kwanza. Nimeshinda hivyo tangu asubuhi hadi mke wangu aliponiita mara ya tatu kula. Mwishowe yametulia, hakuna linaloshuka. Nilijisikia mtu. Chini ya nondo palikuwa na unga wa chuma wa kujaza kikombe.

Alhamisi, 6 Agosti

Nilikumbuka geti wakati napiga mswaki. Geti halina kasoro yoyote! Shemeji atakuja kuona nini? Nikawasha mashine haraka, nikachomelea bawaba hapa na pale ili ionekane kazi imefanyika. Imefanyika mno. Geti halifunguki. Shemeji alipofika aliligusa, akalisukuma, akasema kwa adabu zake zile kwamba ni imara. Kisha tukaongea yeye nje mimi ndani, kama jela, bila kujua nani mfungwa. Mke wangu alikwenda sokoni kwa kuruka ukuta na hajanisemesha tangu hapo.

Mchana nikaifunga impela. Nikawasha injini. Ikapiga kelele ambazo sijazisikia maishani. Gatini watu waliziba masikio. Boti ikasogea urefu wa mkono mmoja, ikasimama, ikatafakari. Nikaongeza mafuta. Kelele zaidi, safari hakuna.

Fundi alikuwa upande wa pili anakula njugu. Akaja, akafungua pampu, akatoa mfukoni kipande cha karatasi ya kalenda. Ndicho kipimo chake. Akaeleza kwamba kati ya panga na pete inayolizunguka inatakiwa ipite karatasi, tena kwa shida. Akapitisha karatasi. Ikaanguka. Akapitisha kidole. Kikapita. Akapitisha dole gumba, akanitazama. Akasema nimeipiga tupa mpaka imekuwa ya boti ya kuchezea watoto, maji yanapita pembeni yanaicheka.

Shemeji naye alikuwepo, bila shaka. Akasema nisijali, Jumapili atampeleka Mama yeye hadi gati la chini, na pale ataandaa vijana wa kumbeba kwenye kiti. Kiti! Mama yangu abebwe kama kabati!

Ijumaa, 7 Agosti

Nimekwenda kumwambia Mama ukweli. Si wote. Nilisema impela ya Baba imepata hitilafu, ninahofia sitaweza kuiokoa, na kwamba naona kama namzika mara ya pili. Sikuwa naigiza.

Mama aliacha kuchambua mchele. Akauliza ni impela ipi.

Nikasema ile ya Baba. Akauliza tena, ya ngapi?

Kisha akacheka. Sijamwona Mama akicheka hivi tangu msiba. Alicheka hadi akafuta macho kwa kanga. Akanieleza kwamba Baba hakuwahi kutengeneza impela hata moja. Alipiga tupa wiki nzima pale uani, akaiharibu kabisa, kisha siku moja akajifanya anakwenda kutafuta grisi, akanunua mpya, akaipaka mchanga na mafuta machafu ionekane kongwe. Alifanya hivyo mara tatu. Iliyonishinda mimi ni ya nne. Nikamuuliza alijuaje. Akasema mikono. Wiki ya kupiga tupa kucha zake zilikuwa nyeusi hata sabuni haifui dafu, halafu ghafla jioni moja anarudi kucha safi na boti inakwenda vizuri.

Nikauliza kwa nini hakumwambia kwamba anajua. Akasema alikuwa anarudi na furaha sana.

Nilipita kwa Fundi. Akakiri. Ya tatu na ya nne alimuuzia yeye, na Mzee alimwapisha asiseme, hasa kwangu, maana, alisema, mwanangu anahesabu vizuri, nisimvunje moyo. Na ule mlio? Akasema mlio ule ni wa panga lililong'ofoka. Baba naye alikuwa anapita juu ya kokoto.

Nimelia kidogo, nyuma ya ghala la Fundi. Nilifikiri nitamkasirikia Baba. Badala yake nimemkumbuka zaidi. Arobaini zote zile nilizohesabu, na yeye anajua kabisa hazisaidii kitu, na anaanza upya nikikosea!

Jumamosi, 8 Agosti

Nimekubali. Badilisha. Akiba ya rangi ya boti imekwenda huko, boti itabaki na rangi yake ya kubanduka.

Fundi aliifunga kabla ya adhuhuri. Karatasi ya kalenda ilipita kwa shida, ikatoka na mkunjo. Nikawasha. Boti iliruka mbele nikaangukia kiti. Na kimya! Injini inanguruma kwa chini, pampu haisemi neno. Nilikwenda hadi kona na kurudi nikisikiliza, nikijisikia nimepanda boti ya mtu.

Geti pia limefunguliwa. Fundi alilikata. Mke wangu amenisemesha.

Jumapili, 9 Agosti

Mama amesafiri nami! Shemeji na Dada walikuja gatini kumuaga. Shemeji alileta kiti kwa tahadhari. Nikampungia mkono kama anavyonipungia yeye.

Mama alikaa mahali pake, nyuma ya kiti cha nahodha, kushoto. Tulipopita kona alianza kuongea. Hakunyamaza hadi tulipofika. Akasema miaka thelathini amekaa kwenye kiti hiki na Baba hakuwahi kusikia neno lake hata moja, kwa kelele za pampu. Kila alichoambiwa alijibu ndiyo. Akamwambia mvua inakuja, ndiyo. Akamwambia anaumwa jino, ndiyo. Siku moja akamwambia kwamba anampenda, akajibu ndiyo, na ameangalia mbele. Akasema leo ndiyo mara ya kwanza anaongea ndani ya boti hii na mtu anamsikia.

Maneno mazuri. Nimeyaandika palepale tulipofika ili nisiyasahau.

Yaliyofuata sikuyapata vizuri. Nilikuwa nimetega sikio kwenye pampu. Kulikuwa na kitu, au hakukuwa na kitu, na hicho ndicho kilichonisumbua. Mama aliendelea kuongea, nami nikawa namwitikia. Tuliegesha mlangoni kwa Mama Mdogo. Walikumbatiana majini, wawili hao na magoti yao, wakilia na kucheka. Nikageuza uso nikajifanya nafunga kamba. Jioni nikamrudisha Mama kwake.

Jumatatu, 10 Agosti

Asubuhi Dada amepiga simu kunishukuru. Anasema nimeonyesha utu uzima. Nikauliza kwa lipi. Akasema Mama amemwambia kwamba jana njiani aliniuliza kama Shemeji anaweza kuwa anampeleka kwa Mama Mdogo kila mwezi, kwa boti ya Baba, ili mimi nipumzike, nami nikakubali. Mara mbili! Shemeji ameshakwenda kuchukua viti vya sponji avifunge kwenye boti.

Nimekaa. Nimefikiri. Kosa si langu, kosa ni la ukimya. Boti isiyo na mlio inamchanganya nahodha. Na Shemeji anajua kuendesha boti iliyo kimya tu. Akikuta impela ya Baba mle ndani, na mlio wake, usukani atauachia mwenyewe.

Basi nimekwenda kuiokota ile ya zamani kwa Fundi, kwenye chuma chakavu. Si mbaya kama nilivyofikiri. Pengo ni la dole gumba tu. Nikiongeza chuma kila upande, kidogo kidogo, kisha nikasawazisha kwa tupa, itakaa. Shemeji ameniazima tena mashine. Nimemwambia ni dirisha.

Mchana huu Mama amekuja uani. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, nimeinamia panga la pili. Alisimama karibu yangu, akasema jambo, refu kidogo, kwa upole sana. Nikamwambia ndiyo, Mama.