Doa Jekundu Katikati ya Ziwa

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi mbaya. Mkuu wa idara kampa Miwani, jirani yangu wa meza, nafasi ya kuzungumza kwenye kikao cha Ijumaa. Mimi nimeachiwa ramani za gesi kutoka setilaiti. Tena zina matundu kama zimetafunwa na panya, maana programu huondoa kila penye mawingu. Nikazima chujio la mawingu. Ramani ikajaa pomoni! Na katikati ya ziwa, doa jekundu: gesi ya moshi wa magari, kwa wingi wa kutisha. Ugunduzi!

Jumanne, 4 Machi
Nimempelekea mkuu doa langu. Akauliza kama nimeyaangalia mawingu. Nikasema nimeyaangalia. (Kweli tupu. Yalikuwa mengi.) Nafasi ya Ijumaa ni yangu! Miwani hata hakununa, kanipongeza. Mnafiki mkubwa. Nikampigia mama simu papo hapo.

Jumatano, 5 Machi
Miwani kaomba kuona data, eti anisaidie. Thubutu! Nimeificha kwenye faili niliyoiita "Likizo". Nyumbani mke wangu akataka kujua moshi wa magari umefikaje ziwani. "Baba watoto, samaki wameanza kuendesha magari?" Nikamwambia sayansi ina mambo yake. Akaendelea kupiga pasi shati langu, anacheka peke yake.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu! Miwani kanyoosha mkono kwa adabu, kaomba tuone picha ya kawaida ya saa ileile. Lo! Wingu jeupe, umbo lilelile, hadi kamkia kake. Akaeleza taratibu: setilaiti haioni chini ya wingu, ukizima chujio programu hukisia kilichofichwa, na hapo ilikisia kupita kiasi. Ukumbi mzima kicheko. Mkuu hakucheka. Kaamuru nirudie ramani zote za miezi mitatu, Miwani akinisimamia. Jioni mama kapiga: ameshawatangazia majirani wote.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwomba Miwani radhi. Kaniletea chai, kanisihi nikiona kitu cha ajabu nimuulize kwanza. Nikaapa.

Mchana nikaona mstari wa gesi ya volkano, umenyooka kama rula. Nimuulize Miwani? Anipore sifa? Nikafungua ramani za jana na juzi. Mstari upo, ila kila siku umehamia pengine, sambamba na njia ya setilaiti. Volkano inayotembea! Dunia haijawahi kuona. Nimeshawapigia watu wa redio. Wanakuja kesho saa nne.