Barua za Dani

Jumatatu, 22 Novemba 1999

Miezi mitatu tu tangu nihamishiwe Kisumu, na tayari hatari! Kwenye daftari la Nabalayo, binti yangu wa miaka kumi na minne, nimesoma: "Barua ya Dani, saa tisa, saiba." Chini yake anwani ya intaneti. Huyu Dani ni kijana wa nani? Nekoye, mke wangu, anasema nimuulize mtoto. Kuuliza! Mpelelezi haulizi.

Jumanne, 23 Novemba

Kazini nimesingizia jino. Saiba yenyewe ni chumba kimoja, kompyuta nne. Rehma, msimamizi, amenifungulia anwani. Nimeandikia ile ya daftarini, nikitafuta herufi moja moja, dakika arobaini: "Mwambie Dani aachane na binti yangu, la sivyo nitamvunja miguu." Nikatia cheo, Karani Daraja la Pili. Imekwenda! Chakula kimeshuka vizuri leo.

Alhamisi, 25 Novemba

Kilio kwa bibi jirani, hapa Migosi. Mwanawe Opiyo, aliyeko Kanada miaka saba, alikuwa aje Krismasi. Sasa amepiga simu dukani: haji, na mama ahamishwe, kwa sababu karani fulani ametishia kumvunja miguu. Mbele ya watu nikalaani makarani wasio na utu. Nabalayo akaniangalia. Akauliza kama najua watoto wa hapa wanamwitaje yule bibi. Dani! Kwa Kijaluo ni nyanya! Macho ya bibi hayaoni vizuri, na binti yangu ndiye humwandikia barua za kwa Opiyo, mwenye anwani ile. Akasema angenieleza yote kama ningemuuliza. Kisha akalia. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumamosi, 27 Novemba

Nimekwenda kwa Dani na jogoo na kilo mbili za sukari. Nimekiri. Akanyoosha miguu: "Hii ndio ulitaka kuvunja, Baba Nabalayo? Hii moja ilivunjika kitambo, wewe umechelewa." Akacheka mpaka akakohoa. Nikaandika kuomba radhi, Nabalayo akasahihisha. Jioni Opiyo amejibu: atakuja, na karani amngoje uwanja wa ndege abebe mizigo. Nimeapa mbele ya Nekoye: sichunguzi mtoto tena. Nitauliza tu.

Jumatatu, 29 Novemba

Nimemuuliza Nabalayo anaandikia nani mwingine. Akachukua ndoo, akaenda kuteka maji. Hanisemeshi tangu Alhamisi, na inaniuma kweli. Basi nimefungua anwani mpya: Benta, miaka kumi na minne. Nikamwandikia kwa anwani anayotumia kwa barua za Dani: "KUH: OMBI LA URAFIKI. Mada iliyotajwa hapo juu yahusika. Mimi ni msichana mwenzako." Jioni nimekuta jibu, mstari mmoja: "Benta, mwambie Baba akirudi alete unga."

Amejuaje? Lazima Rehma amenichoma. Kesho Benta anahamia saiba nyingine.